Mazuku: jina la wazee lililoingia katika elimu

Wengi wanazani ya kwamba elimu ya inchi na ya milima ya moto ilikuja na vitabu tu. Historia ya Goma yatuonyesha namna nyingine.

Kandokando ya ziwa Kivu, chini ya Nyiragongo na Nyamulagira, kuna mashimo ambamo hewa mbaya hutoka udongoni. Wenyeji huiita mazuku, ndiyo upepo mbaya unaotembea na kuua usiku. Wataalamu walipoipima, waliona ni gazi karboniki. Haina rangi wala harufu, tena ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala mashimoni. Usiku, upepo ukitulia, huzidi. Mchana jua na upepo huitawanya. Mtu mzima aweza kupita salama, lakini mtoto au mbuzi aliye karibu na udongo huanguka na kufa. Basi wazee walisema kweli. Hata leo wataalamu wa Ulaya wanaandika neno lilelile, mazuku.

Tena kuna masimulizi. Katika ibada ya Ryangombe watu walisema ya kwamba wafu walioingizwa katika ibada ile huenda Karisimbi, na wengine hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Sisi Wakristu hatushiki imani ile. Lakini tunapopepeta, tusitupe mbegu pamoja na makapi. Hadithi ile iliwakumbusha watoto ya kwamba ndani ya mlima kuna moto. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lilimwagika kwa muda usiotimiza saa moja, likaua watu. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulishuka hata mjini, ukaharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena.

Katika miaka hiyo mji ulikua, na vita vilileta wageni. Mwaka 1994 wakimbizi mamia ya maelfu toka Rwanda walipiga kambi kandokando ya Goma. Mgeni hajui shimo gani lina mazuku. Hana bibi wa kumwonya. Hapo shule inapaswa kushika kazi ya bibi.

Basi mwalimu amwite mzee darasani, ataje mahali palipokatazwa. Kisha yeye aeleze uzito wa gazi. Nasi wapadri na makatekista, tunaoingia nyumbani mwa wazee kila juma, tuandike majina na masimulizi yao wangali hai. Mtoto anayejua kusoma neno volkano, lakini hajui shimo la jirani, hajafundishwa bado.