Aleksandrs Starkovs na safari ya Latvia kwenda Ureno

Aleksandrs Starkovs alizaliwa mwaka 1955 huko Madona, mji mdogo wa Latvia, wakati nchi hiyo ikiwa moja ya jamhuri za Muungano wa Kisovieti. Latvia ilikuwa na timu yake ya taifa kabla ya Vita Kuu ya Pili, lakini ilipomezwa na Wasovieti mwaka 1940 timu hiyo ilifutika. Kwa hiyo kijana wa kizazi cha Starkovs, hata awe na kipaji cha namna gani, hakuwa na jezi ya nchi yake ya kuvaa. Aliyetaka kucheza kandanda ya ushindani bila kuhama kwao alikwenda Daugava, klabu ya Riga iliyotumia miaka mingi katika madaraja ya chini ya ligi ya Kisovieti.

Starkovs alikuwa mshambuliaji. Mwaka 1978 aliichezea Dynamo ya Moscow, kisha akarudi Daugava, na huko ndiko alikojijengea jina kama mmoja wa wafungaji wakubwa wa klabu hiyo. Katikati ya miaka ya 1980 Daugava ilikaribia kupanda hadi daraja la juu kabisa, ikakwama hatua za mwisho. Wachezaji wa kikosi kile walizeeka bila kuonekana nje ya mipaka ya Kisovieti.

Uhuru uliporejea mwaka 1991, Latvia ilianza upya kila kitu: ligi, shirikisho na timu ya taifa. Klabu mpya ya Skonto, ya Riga, ilitwaa ubingwa mwaka huohuo, na ikaushikilia hadi mwaka 2004. Ni mataji 14 mfululizo. Starkovs alishika usukani wa Skonto mapema katika miaka ya 1990 na kuiongoza katika sehemu kubwa ya utawala huo. Mtu anaweza kusema ligi isiyo na mpinzani haimpimi kocha, na hoja hiyo ina uzito. Lakini mizani ya kweli ilikuwa michuano ya Ulaya. Mwaka 1994 Skonto iliitoa Aberdeen ya Scotland katika Kombe la UEFA kwa faida ya bao la ugenini, na mwaka 1997 ilifungwa na Barcelona 3-2 tu katika uwanja wa Camp Nou.

Faida kubwa zaidi ilikuwa katika malezi. Vitālijs Astafjevs, Marians Pahars, Imants Bleidelis, Igors Stepanovs na baadaye Māris Verpakovskis, wote walipita Skonto. Wengine waliuzwa nje: Pahars na Bleidelis wakaenda Southampton, Stepanovs akaenda Arsenal. Mwaka 2001 Starkovs alipokabidhiwa timu ya taifa baada ya Mwingereza Gary Johnson kuondoka, hakukuta wageni. Alikuta vijana aliokwisha kuwafundisha, wanaojuana mwendo na tabia, na hapo ndipo penye siri ya yaliyofuata.

Katika kuwania tiketi ya Fainali za Mataifa ya Ulaya za 2004, Latvia ilipangwa na Sweden, Poland, Hungary na San Marino. Nchi yenye watu wapatao milioni 2.3, ambayo mashabiki wake hupenda zaidi hoki ya barafuni, haikupewa nafasi na yeyote. Ilianza kwa suluhu na Sweden mjini Riga, kisha Oktoba 2002 ikashinda 1-0 Warsaw kwa bao la Juris Laizāns. Starkovs aliipanga timu ijihami kwa nidhamu, mistari ikikaribiana, kisha mpira ukinaswa utumwe haraka mbele kwa Verpakovskis, mwenye mbio kali. Walipoteza kwa Poland nyumbani na kwa Hungary ugenini, lakini Oktoba 2003 bao la Verpakovskis liliwapa ushindi wa 1-0 ugenini Sweden. Sweden iliongoza kundi kwa pointi 17. Latvia ikawa ya pili kwa pointi 16 na kuingia mchujo.

Huko iliwasubiri Uturuki, washindi wa tatu wa Kombe la Dunia la 2002. Mkondo wa kwanza, Novemba 15 mjini Riga, uliisha 1-0 kwa bao la Verpakovskis. Siku nne baadaye, Istanbul, Uturuki ilipata bao la pili dakika ya 64, na kazi ikaonekana kwisha. Dakika mbili tu baadaye Laizāns alifunga kwa mpira wa adhabu. Kisha Verpakovskis aliwatoroka mabeki na kusawazisha, 2-2, na Latvia ikafuzu. Timu inayojihami kwa sababu ya woga haiwezi kurudi mchezoni namna ile mbele ya uwanja uliofurika Waturuki. Wale walikuwa wamefundishwa kungoja nafasi yao.

Katika fainali za Ureno, Juni 2004, Latvia ilitangulia kuifunga Jamhuri ya Cheki kabla ya kulala 2-1 kwa mabao mawili ya kipindi cha pili. Ikatoka suluhu na Ujerumani, waliokuwa wamecheza fainali ya Kombe la Dunia miaka miwili nyuma. Uholanzi ikawafunga 3-0 na safari ikaishia hapo, kwa pointi moja.

Mwaka huohuo Spartak Moscow ilimchukua Starkovs, na msimu wa 2005 akaifikisha nafasi ya pili katika Ligi Kuu ya Urusi na kuipatia tiketi ya Ligi ya Mabingwa. Hata hivyo Aprili 2006 kiungo mkongwe Dmitri Alenichev alimshambulia hadharani gazetini. Klabu ilimwadhibu mchezaji, lakini matokeo yaliyumba na kocha akajiuzulu mwezi huohuo.

Alirudi timu ya taifa mwaka 2007. Katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2010 Latvia ilimaliza ya tatu, pointi tatu nyuma ya Ugiriki iliyokwenda mchujo. Mwaka 2010, akiifundisha Skonto sambamba na timu ya taifa, aliipa klabu hiyo ubingwa mwingine. Aliondoka timu ya taifa mwaka 2013, nafasi ikachukuliwa na Pahars, mwanafunzi wake wa zamani. Mwaka 2017 akaitwa tena kwa muda mfupi.

Skonto ilifilisika na kutoweka mwaka 2016. Fainali za Ulaya zimepanuliwa kutoka timu 16 hadi 24, lakini Latvia haijafuzu tena, na majirani zake Estonia na Lithuania hawajawahi kufuzu hata mara moja.