Kava la pushirodi

Kava la pushirodi (pia: mrija wa pushirodi) ni bomba jembamba la chuma au aloi linalofunika pushirodi ya injini ya pikipiki. Pushirodi ni fimbo inayopeleka mwendo kutoka kwenye kamshafti, iliyo chini ya injini, hadi kwenye valvu zilizo juu. Kava halizunguki wala haliongezi nguvu ya injini. Kazi yake ni kuzuia oili isitoke nje na kuzuia vumbi, matope na maji yasiingie ndani. Likifungwa vibaya, oili hupungua kidogo kidogo, na injini inayokosa oili huharibika.

Utendaji kazi

Katika injini ya mipigo minne, kamshafti huzunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili. Kemu inapoinuka husukuma tapeti, tapeti husukuma pushirodi, pushirodi huinua upande mmoja wa roka, na upande wa pili wa roka hufungua valvu. Springi ya valvu ndiyo inayoifunga tena. Kwa hiyo krankshafti ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila pushirodi hupanda na kushuka mara 3,000.

Oili hupita katika njia hiyohiyo. Katika injini nyingi, oili iliyolainisha roka hurudi chini kupitia mrija wa pushirodi. Ndiyo maana oringi iliyochakaa kwenye mrija huvuja hata kama gasketi nyingine zote ni nzima.

Aina

Kuna njia kuu mbili za kufunika pushirodi.

Njia ya kwanza ni mirija inayoonekana nje ya silinda. Mfano unaojulikana sana ni Harley-Davidson ya Marekani, ambayo imetumia pushirodi na valvu za juu katika injini zake kubwa tangu mwaka 1936. Injini hizo zina silinda mbili, pushirodi nne na makava manne. Pikipiki za zamani za Triumph za Uingereza na BMW za Ujerumani pia zilikuwa na mirija ya aina hii.

Njia ya pili ni tundu lililoachwa ndani ya silinda yenyewe wakati wa kuimimina kiwandani. Hapa hakuna kava la kufungua, kwa kuwa ukuta wa silinda ndio kava. Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, imejengwa hivyo.

Afrika Mashariki

Honda CG125 ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo mizito, hupita barabara mbovu na mara nyingi huchelewa kufanyiwa matengenezo. Muundo wake ulinakiliwa sana na viwanda vya China, na nakala hizo zimefika Afrika Mashariki kwa wingi kama bodaboda. Mafundi huziita injini za CG. Pikipiki nyingine za biashara, kama Bajaj Boxer na TVS HLX, zina kamshafti juu ya hedi inayozungushwa na cheni ya taimingi, kwa hiyo hazina pushirodi kabisa.

Tofauti hiyo ina maana kwa mwenye pikipiki. Katika Nshambya, kata ya Manispaa ya Bukoba mkoani Kagera, na vivyo hivyo Muleba, mvua ni nyingi na barabara nyingi za mitaani na vijijini ni za udongo. Pikipiki hubeba abiria, mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa katika njia zenye vilima. Matope hushika mahali penye oili, hivyo mvujo mdogo huweza kufichika kwa siku nyingi. Dereva anayeona oili ubavuni mwa silinda ya injini ya CG hana kava la kununua. Anapaswa kukagua gasketi ya kifuniko cha roka, gasketi ya hedi na gasketi ya chini ya silinda.

Kufunga makava ya nje nyumbani

Kazi hii huhitaji spana, bisibisi, taa, vitambaa safi, miwani ya kukinga macho na seti ya oringi mpya za injini husika. Maelezo yafuatayo yanahusu makava ya aina ya Harley-Davidson, yenye vipande viwili vinavyoingiliana, pamoja na pushirodi zinazorekebishika urefu. Pushirodi zisizorekebishika kwa kawaida hutolewa baada ya kufungua sehemu ya roka.

1. Injini huachwa ipoe, waya wa hasi wa betri hutolewa, na pikipiki husimamishwa imara. Plagi hutolewa ili injini izunguke kwa urahisi.
2. Sehemu zinazozunguka makava husafishwa kabla ya kufungua chochote.
3. Pistoni ya silinda inayoshughulikiwa huletwa juu kabisa katika mpigo wa mgandamizo. Hapo valvu zote mbili zimefungwa na pushirodi hazina mzigo.
4. Klipu ya kava hutolewa kwa uangalifu, kwa sababu springi iliyobanwa inaweza kuirusha usoni. Kava hukunjwa, pushirodi hufupishwa, kisha vyote hutolewa. Kila pushirodi huwekewa alama ya mahali ilipotoka, kwa kuwa za kuingiza na za kutoa moshi zinaweza kutofautiana urefu.
5. Tundu lililo wazi huzibwa kwa kitambaa safi. Oringi za zamani hutolewa kwa kijiti cha mti, si kwa ncha ya chuma inayokwaruza.
6. Oringi mpya hupakwa oili kidogo na kuwekwa juu, katikati na chini ya kila kava. Silikoni haihitajiki, na mabaki yake yanaweza kuziba njia za oili.
7. Pushirodi hurudishwa ikiwa ndani ya kava, kisha urefu wake hurekebishwa kwa kipimo cha mtengenezaji.
8. Ikiwa tapeti ni za haidroli, fundi husubiri hadi pushirodi iweze kuzungushwa kwa vidole. Kuzungusha injini kabla ya hapo kunaweza kupinda pushirodi au valvu.
9. Kava hunyooshwa, ncha zake huketi sawasawa kwenye oringi, na klipu hurudishwa. Kisha silinda ya pili hufanyiwa vivyo hivyo.
10. Injini huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili. Isipokwama popote, plagi na betri hurudishwa, injini huwashwa, na makava hukaguliwa kwa taa.

Injini za CG

Baada ya kubadilisha gasketi za injini ya CG, nafasi ya valvu hupimwa tena, kazi ambayo mafundi huiita kuseti tapeti. Injini ikiwa baridi, alama ya T kwenye rota ya sumaku hulinganishwa na alama ya kwenye kasha. Roka zote mbili zikiwa na mchezo kidogo, pistoni iko katika mpigo unaotakiwa; zikikaza, injini huzungushwa mzunguko mmoja zaidi. Kwa Honda CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Nakala zake hufuata kijitabu cha mtengenezaji wake.

Makosa ya kawaida

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kurudisha oringi au gasketi ya zamani ili kupunguza gharama. Joto huikausha na kuibonyeza, nayo haizibi tena vizuri. Kosa jingine ni kukaza boliti kupita kiasi pale mvujo unapoendelea. Uzi wa aloi hukatika, na tatizo la gasketi hugeuka kuwa tatizo la hedi. Kosa la tatu ni kuongeza oili kila siku bila kutafuta inakotokea. Oili iliyotolewa hukusanywa katika chombo, na haimwagwi shambani, mtaroni wala ziwani.