Kugawa Nchi na Kugawa Madaraka

Nesitu ni mahali kando ya barabara kuu itokayo Juba kwenda Nimule na Uganda. Malori ya mizigo hupita hapa mchana na usiku, na Kiswahili hupita pamoja nayo. Sisi tunaofundisha lugha hii jirani na barabara hiyo tuliulizwa darasani swali ambalo halikuwamo katika kitabu: "Mwalimu, kokora kwa Kiswahili ni nini?" Kokora ni neno la Kibari, na maana yake ni kugawa au kugawana. Basi tukajibu upesi, "mgawanyo," tukaendelea na somo. Baadaye tuliona kwamba jibu lile halikutosha, kwa kuwa wapo wanaolitamka neno hilo kwa fahari, na wapo wanaolitamka kwa uchungu. Makala haya ni jaribio la kulipa deni la jibu lile.

Yafaa tuanzie mwaka 1972. Vita vya kwanza vya Sudan, ambavyo chanzo chake huhesabiwa kuwa maasi ya askari wa Torit mwezi Agosti 1955, vilikomeshwa na Mapatano ya Addis Ababa. Mapatano hayo yaliipa Sudan ya Kusini serikali yake yenyewe, makao yake Juba, ikiwa na bunge lake na Halmashauri Kuu ya Utendaji, ambayo rais wake wa kwanza alikuwa Abel Alier. Khartoum ilibaki na mambo kama ulinzi, sarafu na uhusiano na nchi za nje. Ili mapatano yasichezewe, liliwekwa sharti: hayangebadilishwa ila kwa kura za robo tatu ya wabunge wa taifa, kisha theluthi mbili ya wapiga kura wa Kusini wenyewe.

Mwaka huohuo Tanzania nayo ilianzisha mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Viongozi na maafisa wenye uwezo walipelekwa mikoani na wilayani ili maamuzi ya maendeleo yasingoje Dar es Salaam. Nia ilikuwa njema. Lakini wakati huohuo halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa. Afisa alimkaribia mwananchi, ila mwananchi hakuwa na uwezo wa kumweka wala kumwondoa. Sheria za serikali za mitaa zilitungwa upya mwaka 1982, na halmashauri zikarejea kazini mwaka 1984. Hayati Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta serikali za mitaa ni jambo ambalo asingelirudia.

Turudi Juba. Katika miaka iliyofuata mapatano, malalamiko yalikua ndani ya serikali ya Kusini. Watu wengi wa Ikweta waliona kwamba vyeo vya Juba vilikuwa vinashikwa zaidi na wenzao wa mikoa mingine, nao wakataka Kusini igawanywe ili kila upande ujitawale. Joseph Lagu, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji wa Anya-Nya, alitoa kijitabu mwaka 1981 kutetea rai hiyo. Abel Alier na wenziwe waliipinga, wakihofu kwamba Kusini iliyogawanyika ingekuwa dhaifu mbele ya Khartoum. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, na wenyewe wangeweza kuzipima kwa kura, kama sharti la 1972 lilivyotaka.

Kura hiyo haikupigwa. Tarehe 5 Juni 1983 Rais Jaafar Nimeiry, kwa amri yake, aliivunja serikali ya Juba na kuigawa Kusini katika majimbo matatu: Ikweta, Bahr el Ghazal na Upper Nile. Magavana waliteuliwa naye, na uwezo wa majimbo hayo ulikuwa mdogo kuliko ule wa serikali iliyovunjwa. Watumishi wasio wenyeji wa Ikweta walilazimika kuuhama mji wa Juba pamoja na jamaa zao. Watoto waliacha shule na rafiki. Hatusemi kwamba kokora peke yake iliwasha vita vya pili, maana askari wa Bor walikwisha kuasi mwezi Mei mwaka huo. Hata hivyo hapana shaka kwamba iliwaachia watu wa Kusini jeraha kati yao wenyewe, nao wakaingia nalo katika vita vilivyodumu hadi Mapatano ya Amani ya mwaka 2005.

Jeraha hilo halikuzuia amri nyingine. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 ikiwa na majimbo 10. Mwezi Oktoba 2015, kwa amri ya Rais Salva Kiir, yakawa 28. Mwezi Januari 2017 yakawa 32. Na mwezi Februari 2020, ili kuwezesha serikali ya umoja, yakarudishwa kuwa 10 pamoja na maeneo matatu ya utawala. Mpaka uliochorwa kwa amri ulifutwa kwa amri.

Hapa mwalimu wa lugha ana la kusema. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 iliweka ngazi tatu chini ya jimbo: kaunti, payam na boma. Neno boma sisi twalijua vizuri. Katika Kiswahili ni ua, ni ngome, na wakati wa ukoloni katika Tanganyika lilikuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, mahali ambapo mwananchi alipeleka kodi na kupokea amri. Katika sheria hii boma ni ngazi ya chini kabisa, iliyo karibu na wazee na wanakijiji. Neno limeteremka kutoka kwa mtawala hadi kwa mtawaliwa. Je, madaraka nayo yameteremka?

Ili kujibu, twapendekeza maswali matatu ambayo mwanafunzi aweza kuyauliza popote. La kwanza, kiongozi wa mahali huchaguliwa na nani? La pili, mfuko wa fedha umo mikononi mwa nani? La tatu, nani aweza kuyafuta madaraka hayo, na kwa njia gani? Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, magavana wakachaguliwa kwa kura kuanzia mwaka 2013, na kaunti zikatengewa fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Matatizo hayakosekani, lakini maswali yote matatu yamejibiwa kwa maandishi, na gavana hawezi kufutwa kazi kwa tangazo la redio. Kokora, tukiipima hivyo, ilishindwa katika swali la kwanza na la tatu.

Basi kokora si ugatuzi. Kokora ni kugawa. Na nchi yaweza kugawanywa vipande vingi huku madaraka yakibaki palepale yalipokuwa. Ugatuzi ni kuyatoa madaraka kutoka kwa serikali kuu na kuyakabidhi kwa watu wa mahali, kwa namna ambayo aliyetoa hawezi kuyanyang'anya apendapo.

Tuliporudi darasani tuliandika maneno hayo mawili ubaoni, moja kulia na jingine kushoto, tukawaomba wanafunzi waseme ni lipi wanaloliona katika boma lao. Hawakukubaliana, na kengele ililia wakiwa bado wanabishana. Ndugu walimu, swali hili si la msamiati tu. Tusilijibu upesi, kama tulivyofanya sisi siku ile.