Nahodha wa Kijerumani Kutoka London: Peter Bull na Vita vya Ziwa Tanganyika katika Sinema

Filamu iliyolitangaza Ziwa Tanganyika kuliko nyingine zote haikupigwa katika maji yake. Filamu hiyo, The African Queen ya mwaka 1951, iliongozwa na Mmarekani John Huston, na kwa kawaida hutajwa kwa ajili ya nyota wake wawili, Humphrey Bogart, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na Katharine Hepburn. Hata hivyo, mtu anayeshika hatima ya wote wawili katika dakika za mwisho, yaani nahodha wa manowari ya Kijerumani inayolitawala ziwa, ni Mwingereza mnene mwenye macho yaliyotokeza na uso wa kununa, ambaye watazamaji wengi waliijua sura yake pasipo kulijua jina lake. Huyo ni Peter Bull, ambaye kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa mwigizaji msaidizi, neno linalomhusu mtu anayebeba wahusika wanaomzunguka nyota: mwenye baa, balozi, mwalimu katili, mfanyabiashara bahili, nahodha. Bull mwenyewe aliielewa vizuri hali yake, kwa kuwa kitabu chake cha kumbukumbu za uigizaji, kilichotoka mwaka 1959, alikipa jina linalosema kwamba uso anaujua mtu, lakini jina limempotea.

Ili kupima kazi aliyoifanya Bull katika filamu hiyo, ni lazima kwanza kueleza vita ambavyo filamu ilivichukua na kuvigeuza. Mwaka 1914, ufuko wa magharibi wa ziwa, kuanzia Uvira upande wa kaskazini hadi Moba upande wa kusini, ulikuwa chini ya Wabelgiji, na ufuko wa mashariki, pamoja na Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ulikuwa wa Wajerumani. Mwezi Agosti wa mwaka huo Wajerumani waliushambulia ufuko wa Mokolubu, kusini mwa Uvira, na siku chache baadaye wakaishambulia bandari ya Lukuga, inayojulikana leo kama Kalemie, ambako meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune iliharibiwa. Tangu hapo ziwa likawa la Wajerumani, na hakuna kijiji cha ufuko wa Kongo kilichoweza kulala kikiwa na hakika kwamba moshi unaoonekana majini ni wa meli ya amani.

Jibu la Waingereza lilikuwa la ajabu kiasi kwamba mwandishi wa filamu angelibuni, watayarishaji wangelikataa. Boti mbili za mbao zenye urefu wa mita 12 hivi, zilizoitwa Mimi na Toutou, zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, zikapandishwa treni hadi Fungurume huko Katanga, kisha zikaburutwa kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa nguvu za mamia ya wapagazi wa Kiafrika kupitia milima ya Mitumba, safu ileile ambayo mkono wake wa kaskazini unasimama nyuma ya mji wa Uvira. Kiongozi wa msafara huo, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa afisa mwenye majivuno ambaye alijulikana kwa kuvaa sketi ya kaki. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. Ilibaki Graf von Götzen, kubwa kuliko zote, iliyojengwa Papenburg na kuletwa Kigoma katika maelfu ya masanduku. Hiyo haikuzamishwa na adui yeyote. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916, baada ya kuzipaka mashine zake mafuta ili zisiliwe na kutu, kama watu wanaotarajia kurudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba, jina ambalo wazee wengi wa Uvira na Fizi wanalijua, kwani mwaka 1997 meli hiyo ilitumiwa kuwarudisha Kongo makumi ya maelfu ya wakimbizi waliokuwa Tanzania.

Mwandishi Mwingereza C. S. Forester aliichukua habari hii katika riwaya yake ya mwaka 1935, akaliita ziwa Wittelsbach na manowari Königin Luise, na katika kitabu chake ni boti mbili za Kiingereza zinazoizamisha manowari hiyo, jambo linalokaribiana na historia. Huston na waandishi wenzake walilikataa suluhisho hilo, kwa kuwa filamu yenye nyota wawili haiwezi kuwaachia wageni ushindi katika dakika za mwisho. Katika filamu, mwanamke mmisionari na mwendesha boti mlevi wanakamatwa, wanahukumiwa kunyongwa kama wapelelezi, kisha mabaki ya boti yao yenye topido, yaani mabomu ya majini, yanaigonga manowari na kuilipua. Kwa hiyo mzigo wote wa mwisho ulimwangukia nahodha, ambaye hakutakiwa kupigana vita hata kidogo, alitakiwa kuhukumu.

Mzigo huo ulimfikia mtu aliyeijua bahari kwa mikono yake. Peter Bull alizaliwa London tarehe 21 Machi 1912, mtoto wa mbunge Sir William Bull, akasoma katika shule ya Winchester, na kufikia mwaka 1936 alikuwa ameanza kuonekana katika filamu, kwa sehemu ndogo katika As You Like It. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 alianzisha pamoja na rafiki yake Robert Morley kundi la tamthilia za majira ya joto katika mji mdogo wa Perranporth, pwani ya Cornwall. Vita Kuu ya Pili ilipozuka alijiunga na jeshi la majini, akaongoza vyombo vya kushushia vifaru na askari ufukoni katika bahari ya Mediterania, akatunukiwa nishani ya ushujaa, na baadaye akasimulia mambo hayo kwa ucheshi katika kitabu To Sea in a Sieve cha mwaka 1956. Ni jambo la kutazamwa kwa makini kwamba afisa huyu wa Kiingereza, aliyepigana na Wajerumani kwa dhati, miaka sita tu baada ya vita kwisha alivaa sare ya nahodha wa Kijerumani na kuagiza mwanamke wa Kiingereza na mwenzake wanyongwe.

Uigizaji wake katika sehemu hiyo ni mfupi na umehesabiwa vizuri. Nahodha wake hana ukatili wa Mjerumani wa filamu za propaganda zilizojaa katika miaka ya vita. Ni mtumishi wa serikali aliyechoka, anayesikiliza ushahidi, anatoa hukumu, na anataka shughuli iishe. Wafungwa wanapomwomba awafungishe ndoa kabla ya kufa, uso wake unaonyesha kwa kitambo kidogo haya ya mtu aliyeombwa jambo la faragha mahali pa kazi. Anawaoza kwa maneno machache, kisha, katika pumzi ileile, anaamuru unyongaji uendelee. Mwigizaji mwingine angeusisitiza mgeuko huo ili apate kicheko. Bull anaupitisha kana kwamba ni karatasi mbili katika faili moja, na ndiyo sababu unachekesha na kutisha kwa pamoja. Hukumu ya haki ni kwamba dakika hizo chache zinaishikilia filamu nzima, kwa maana bila nahodha anayeaminika, mlipuko unaofuata ungekuwa fataki tu.

Bogart na Hepburn walikwenda Afrika kweli, wakapigwa picha katika mto Ruiki karibu na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, kisha Butiaba na maporomoko ya Murchison nchini Uganda. Waigizaji wasaidizi hawakupata safari hiyo: picha za Morley, aliyeigiza mchungaji anayekufa mwanzoni, zilipigwa katika studio ya Isleworth karibu na London, na huko Afrika alisimamishwa mtu mwingine wa kuonekana kwa mbali badala yake. Bull naye aliliamuru ziwa akiwa Isleworth. Marafiki hao wawili wa Perranporth hawakutani kamwe ndani ya hadithi, kwa kuwa mmoja yuko mwanzoni na mwingine mwishoni. Pembeni ya Bull walisimama maafisa wawili wa manowari, Theodore Bikel, mzaliwa wa Vienna, na Walter Gotell, mzaliwa wa Bonn, ambaye watazamaji wa filamu za James Bond wangekuja kumjua baadaye kama Jenerali Gogol.

Baada ya hapo Bull alikwenda mbali. Mwaka 1955, Peter Hall alipoiongoza Waiting for Godot kwa mara ya kwanza kwa Kiingereza, katika ukumbi wa Arts mjini London, Bull alikuwa Pozzo, bwana anayemburuta mtumishi wake kwa kamba. Mwaka 1963 alikuwa mwalimu mnafiki Thwackum katika Tom Jones, filamu iliyopata Oscar ya filamu bora, na mwaka 1964 akawa balozi wa Urusi ya Kisovieti katika Dr. Strangelove ya Stanley Kubrick, sehemu ambayo kwayo anakumbukwa zaidi; mtazamaji makini atamwona nyuma ya Peter Sellers akipambana na uso wake ili asicheke. Wengine watamcheka kwa jambo jingine: alikuwa mkusanyaji mashuhuri wa dubu wa kuchezea, na dubu wake mmoja alitumiwa katika tamthilia ya televisheni Brideshead Revisited ya mwaka 1981. Bull alifariki London tarehe 20 Mei 1984.

Jambo moja haliwezi kupitishwa kimya na msomaji wa Uvira. Orodha ya waigizaji wa The African Queen inawataja wasaidizi wa Kizungu hadi afisa wa ngazi ya chini, lakini Waafrika wanaolijaza kanisa la mchungaji katika picha za mwanzo hawakutajwa hata mmoja, na wapagazi walioburuta Mimi na Toutou, ambao bila wao hakungekuwa na vita vya ziwa, hawamo kabisa katika hadithi. Hali imebadilika kwa mwendo wa polepole. Lucian Msamati, mwigizaji aliyezaliwa London mwaka 1976 kwa wazazi Watanzania na kukulia Zimbabwe, ni msaidizi wa aina ileile ya Bull, mwepesi wa kubadilika kutoka haramia wa Game of Thrones hadi kardinali wa Conclave ya mwaka 2024, mwaka ambao yeye pia aliigiza katika Waiting for Godot. Mwaka 2010 alicheza jukwaani London katika Ruined ya Lynn Nottage, tamthilia inayohusu vita vya mashariki mwa Kongo. Hiyo ni hatua, ingawa jukwaa bado lilikuwa London.

Vijana wanaopiga filamu leo Uvira, Bukavu na Goma wanayo mikononi hadithi ambayo Huston aliiacha. Mafanikio ya Bull yanawaonyesha kwamba mtu wa pembeni akiandikiwa dakika chache zilizopimwa anaweza kuibeba hadithi nzima. Basi wawaandikie dakika hizo wapagazi wa Mitumba na wavuvi wa Mokolubu, wawape majina, na safari hii kamera isimame kando ya ziwa lenyewe.