Daktari wa Kampuni na Siri ya Mgonjwa



Hapa Kasumbalesa, penye misururu ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia, kijana anayeomba kazi ya udereva au ya ulinzi huambiwa mara nyingi aende kwanza kupimwa afya. Huenda, hutoa damu, kisha hurudi nyumbani bila kuuliza damu ile itatafutwa ugonjwa gani, wala majibu yatasomwa na nani. Desturi hii ya kutouliza ni ya zamani kwetu Katanga.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Reli ya kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 (haikupita kwetu, ilipita Sakania), na mwaka huohuo ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuwatafutia wenye migodi wafanyakazi. Watu waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Lomami, baadaye hata Ruanda-Urundi. Wengi walikufa kambini kwa nimonia na kuhara damu, na mwaka 1918 mafua makuu yakaongeza makaburi. Kwa hiyo mtu alikaguliwa mwili kabla ya kuandikishwa: aliyeonekana dhaifu alirudishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilianza mikataba ya miaka mitatu na kuwakaribisha wake na watoto kambini, na jicho la daktari likaingia mpaka ndani ya nyumba.

Tuseme kweli: uangalizi huo, pamoja na chakula bora, uliokoa maisha ya wengi, na wazee wetu waliutaja kwa shukrani. Lakini tazameni nani aliushika. Léopold Mottoulle, aliyesimamia idara ya wafanyakazi Waafrika wa Union Minière, alikuwa daktari. Aliyejua maradhi ya watu ndiye pia aliyepanga kazi zao. Mgonjwa alikuwa na nani wa kumwambia siri yake?

Kampuni ilitwaliwa na dola mwaka 1967. Fikra ile haikutwaliwa pamoja nayo. Ulipokuja UKIMWI, ilipata makali mapya katika Afrika yote, na kesi moja ya Kenya yatuhusu sisi Wakatoliki kuliko tunavyopenda. Mwanamke mmoja, ambaye mahakama ilimtaja kwa herufi tu ili kumhifadhi, alikuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika ya Mashariki, Nairobi. Alipotakiwa kupimwa afya ili aajiriwe kwa kudumu, alipimwa virusi vya UKIMWI bila kuombwa ridhaa, na majibu yakamfikia mwajiri. Ajira ya kudumu hakuipata. Mwaka 2013 mahakama ya kazi ilihukumu kwamba amebaguliwa na siri yake imevunjwa, ikaamuru alipwe karibu shilingi milioni 7 za Kenya. Ningependa kuwaandikia kwamba kosa hilo lilitendwa na watu wasiosali. Sivyo, na kulificha kungekuwa kosa la pili.

Kwetu Kongo sheria ipo. Ile ya tarehe 14 Julai 2008, inayolinda haki za watu wenye virusi vya UKIMWI, inakataza kumnyima mtu kazi kwa sababu ya hali yake hiyo. Sheria ya adhabu nayo humwadhibu anayetoa siri aliyoipokea kwa sababu ya taaluma yake. Hapo wamo daktari na muuguzi, hata kama mshahara wao watoka kwa mwajiri.

Mwajiri ana haki ya kujua jambo moja: je, mtu huyu aweza kazi hii? Dereva asiyeona mbali asipewe lori, hilo ni wazi. Ndiyo maana Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inataka cheti cha daktari kinachothibitisha uwezo wa kufanya kazi. Neno ni uwezo. Karatasi ya maabara, yenye jina la ugonjwa na tarakimu za damu, ni ya mgonjwa na daktari wake. Siku mtakapopewa bahasha muipeleke ofisini, ulizeni kabla ya kuondoka ndani yake mna karatasi ipi.