Kijiti cha Kona Kilichonyima Watu Trai

Ukicheza boli ufuoni Malindi, goli ni ndara mbili na laini ya pembeni ni maji. Maji yakijaa, uwanja unapungua. Na kila jioni kuna ile kesi: mpira umepita juu ya ndara, ni goli ama si goli? Mnabishana hadi adhana ya magharibi.

Mimi chuo niliacha, lakini hii kesi nimeisoma. Wakubwa pia imewasumbua miaka mingi.

Tuanze na raga. Laini ya pembeni inapokutana na laini ya goli, hapo husimama kibendera. Zamani kibendera kilihesabiwa kuwa nje. Yaani umekimbia mita 80, umeruka, mguu ukagusa kile kijiti kabla hujaweka mpira chini: hakuna trai. Pointi 5 zimeenda. Walioumia zaidi ni mawinga, watu wa kazi ya Collins Injera, maana maisha yao ni kona. Mwaka 2008 ikajaribiwa sheria mpya, 2009 ikapitishwa kabisa: kugusa kibendera si kutoka nje. Ila mpira wenyewe ukiuweka chini ukiegemea kibendera, bado ni noma.

Marekani waliwahi. Kwao kona ina kinguzo cha rangi ya chungwa, na NFL ilibadilisha mwaka 2002: ukikigusa bado uko ndani, mpaka mwili uguse ardhi ya nje. Tena kule huhitaji kuweka mpira chini. Ukivuka laini ya goli ukiwa mkononi mwako, pointi 6. Ndiyo dunia aliyohamia Mkenya Daniel Adongo, alipotoka raga kuingia Indianapolis Colts mwaka 2013.

Halafu 2020 raga ikakaza upande mwingine. Nguzo za goli huvikwa sponji, na ulikuwa ukigusisha mpira chini ya sponji unapata trai. Lakini sponji imetokeza mbele ya laini, beki ataizuiaje bila kuotea? Ikafutwa.

Kumbe alama si mpaka. Mpaka ni makubaliano, alama inaonyesha tu. Na sisi watu wa Kilifi tunajua: bikoni ya shamba ikisogezwa usiku, kuna familia italala nje.

Kwa hivyo leo jioni, kabla mpira haujaanza, semeni kwanza: ndara ni ndani ama ni nje? Sisi kwetu, juu ya ndara si goli. Na nyinyi je?