Mzunguko wa Lindi, Masasi na Newala: Wajue Waliopita Njia Hii Kabla Yako, Ingawa Majina Yao Hayakuandikwa

Wadau wa safari, kiangazi kikianza tu makundi ya WhatsApp yanachangamka. Washkaji wanne, gari moja, mafuta ya kuchangia, na swali ni lilelile: safari hii tunaenda wapi? Wengi jibu lao ni Zanzibar, kuzunguka kisiwa kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi huku bahari inakuangalia. Poa, hakuna anayebisha. Lakini kusini mwa Tanzania kuna mzunguko mwingine ambao unaanza na bahari, unapanda mlima, halafu unarudi tena baharini. Na stori zake si mchezo.

Ramani yake iko hivi. Unatoka Lindi mjini, unafika Mnazi Mmoja ambapo barabara inagawanyika. Unashika ya kulia, unafuata bonde la mto Lukuledi: Mtama, Nyangao, Ndanda, mpaka Masasi. Hapo ni kama kilometa 140. Masasi unalakiwa na majabali makubwa yaliyosimama peke yake kama yameshushwa kutoka juu. Kutoka hapo unapanda uwanda wa Makonde mpaka Newala, unapita Tandahimba katikati ya mikorosho, unashuka Mtwara. Masasi mpaka Mtwara kupitia Newala ni kama kilometa 210. Unamalizia na Mikindani, mji mkongwe wa pwani, halafu unarudi Lindi. Jumla ni kama kilometa 450, siku tatu nne za kutulia.

Sasa kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba mzunguko huu una zaidi ya miaka 100. Kuna mtu aliupanga, akaufanya, akapiga picha, akarekodi video na sauti, halafu akarudi kwao akawa maarufu. Posti zenyewe ndizo hazikuwepo.

MJERUMANI NA SAFARI ILIYOBADILISHWA DAKIKA ZA MWISHO

Anaitwa Karl Weule, alitokea kwenye makumbusho ya Leipzig, Ujerumani. Mwaka 1906 alikuja koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki kufanya utafiti. Mpango wake wa kwanza haukuwa kusini kabisa, alitaka kwenda upande wa Kondoa. Kule kukawa na vurugu, ikabidi abadilishe njia. Akashuka Lindi, akaenda Masasi, akakaa Chingulungulu, akapanda Newala, akapita Mahuta, akarudi Lindi. Ni karibu mzunguko uleule, isipokuwa yeye hakupitia Mtwara.

Alikuwa na kamera, mashine ya kunasa sauti na mashine ya kupiga filamu. Alirekodi nyimbo na ngoma, akakusanya vinyago, akaandika kitabu kilichotoka 1908. Mpaka leo mtu akitaka kujua Newala ya zamani ilikuwaje, lazima akutane na jina la Weule.

Lakini hebu tulia kidogo ujiulize. Kamera zile, masanduku yale, hema, kitanda na vyakula vya miezi kadhaa vilifikaje juu ya ule mlima? Gari hakuna. Punda hakuna. Vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu, na mzigo wa kawaida wa mpagazi zama zile ulikuwa kama kilo 30. Wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi, watu waliokuwa mbali na kwao kuliko wewe utakavyokuwa ukitoka Dar. Walikuwa wanatembea huku wanaimba, na sauti zao zikanaswa kwenye mashine zikapelekwa Ujerumani. Kiongozi wao anajulikana kwa jina la Pesa Mbili. Hilo ni jina lililobaki kitabuni. Wengi wao ni "wapagazi" tu, basi.

Na kumbuka ulikuwa mwaka gani. Vita vya Majimaji vilianza 1905, na kusini ndiko vilikowaka. Misheni za Nyangao na Masasi zilivamiwa mwaka huohuo. Weule anafika Lindi anakuta wafungwa kwenye minyororo. Yaani ile safari ya picha nzuri ilifanyika kwenye nchi ambayo ilikuwa imetoka kupigwa. Waliomchezea ngoma mbele ya kamera walikuwa na msiba majumbani.

MASASI: WALIOACHWA HURU, WAKATEKWA TENA

Turudi nyuma miaka 30. Ukifika Masasi ukapiga picha na yale majabali, jua kwamba mji ule una mizizi Zanzibar. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873. Swali likabaki: walioachwa huru waende wapi? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule aliyeandika vitabu vya Kiswahili, akachukua kundi la watu zaidi ya 50 walioachwa huru, wanaume na wanawake. Wakavuka kwa chombo mpaka Lindi, wakaanza kutembea kuelekea bara. Wazo lilikuwa kuwarudisha watu upande wa Nyasa, ambako wengi wa waliouzwa Zanzibar walitolewa. Wakafika Masasi, wakaishia hapo, wakajenga.

Fikiria hiyo safari. Njia za kusini ndizo zilizokuwa zinapitisha misafara ya watumwa kushuka pwani. Sasa watu wanaipita nchi ileile wakiwa wanarudi juu, bila kamba shingoni. Kama kuna safari ya barabarani inayostahili filamu, ni hii.

Lakini raha haikudumu. Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni, ambao kule walijulikana kama Magwangwara, walivamia kijiji. Watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Mtu ametekwa utotoni, ameuzwa, ameachwa huru, amejenga nyumba yake, halafu anatekwa tena. Baada ya hapo misheni ikahamishia makao yake Newala, juu ya uwanda, ambako palikuwa na usalama kidogo. Masasi ilifufuka baadaye. Majina ya maaskofu na mapadri wa stori hii yapo kila mahali. Majina ya wale 50 na ushee, nenda kawatafute.

MAHIWA: PITA TARATIBU HAPA

Karibu na Nyangao kuna sehemu inaitwa Mahiwa. Wengi wanaipita na muziki juu. Kuanzia tarehe 15 mpaka 18 Oktoba 1917 palipiganwa moja ya mapambano makali kabisa ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki. Upande wa Waingereza, ambako walikuwepo askari wengi kutoka Nigeria, zaidi ya watu 2,000 waliuawa au kujeruhiwa. Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck walishinda siku ile, lakini walichoka vibaya. Wakarudi nyuma kupitia huku uwanda wa Makonde, na mwishoni mwa Novemba wakavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Jeshi hilo nalo lilikuwa linabebwa. Risasi, dawa, unga, hata mabomba ya mizinga, vyote juu ya mabega ya wapagazi wa pande zote mbili. Makumi ya maelfu yao walikufa katika vita ile nzima, wengi kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Ukiwa Dar, pita pale mtaa wa Samora uiangalie Sanamu ya Askari ya 1927. Amesimama mtu mmoja ameshika bunduki. Aliyembebea risasi hayupo juu pale.

NEWALA: MAJI YALIVYOPANDA MLIMA

Ukifika Newala kila mtu atakwambia nenda Shimo la Mungu. Nenda kweli. Unasimama ukingoni, ardhi inaisha ghafla, na chini kabisa unaona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Jioni jua likishuka, bando lako litaisha hapohapo.

Ila ukishapiga picha, angalia tena lile bonde kwa jicho lingine. Uwanda wa Makonde juu ni mchanga unaokunywa maji yote ya mvua. Mito hakuna. Watu walikaa juu kwa sababu ya usalama, kwani wavamizi walipata tabu kupanda na vichaka vilikuwa vizito. Usalama huo ulikuwa na bei: maji yako chini. Na waliolipa bei hiyo ni wanawake. Kushuka na chungu mtupu, kupanda na chungu kimejaa, kila siku ya Mungu, miaka nenda rudi. Hata Weule alilalamikia maji ya Newala, na yeye alikuwa analetewa.

Miaka ya 1950 ndipo mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kusukuma maji kwa mashine kutoka mabondeni mpaka juu. Ulikuwa mmoja wa miradi mikubwa ya maji vijijini kwa wakati ule. Hata hivyo mashine zikiharibika, ndoo zilirudi kichwani. Kwa hiyo pale unaposimama wewe kwa ajili ya mandhari, bibi wa mtu alisimama kupumzika nusu ya njia.

BARABARA YENYEWE ILISUBIRIWA SANA

Vijana wa sasa hivi wanaona Dar mpaka Lindi ni siku moja kwa basi. Waulize wazee. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikolea kusini ilikuwa kama kisiwa. Watu walilala njiani siku kadhaa, wengine walipanda meli mpaka Mtwara. Daraja limepewa jina la Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi. Madereva na matanboi waliosukuma malori kwenye tope miaka yote ile hawana hata kalavati lenye jina lao.

Kulikuwa na reli pia. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, walijenga bandari Mtwara na reli ya kwenda bara. Karanga zikafeli, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa. Kilichobaki kulisha mikoa hii ni korosho, na korosho nayo inataka barabara.

MPANGO WA SAFARI

Muda mzuri ni Juni mpaka Oktoba. Ukienda Oktoba au Novemba unakuta msimu wa korosho umepamba moto, minada inaendelea na malori yamejaa barabarani. Masika, ulizia hali ya barabara kwanza: Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilikata barabara ya Dar kwenda Lindi. Jaza mafuta Masasi kabla ya kupanda. Upande wa Newala na Tandahimba barabara ilichelewa kupata lami kuliko bondeni, hivyo gari la chini sana litakutesa. Uliza madereva wa huko wakupe hali ya siku hiyo. Usipande usiku, utakosa kila kitu. Siku ya kwanza lala Ndanda au Masasi, ya pili Newala, ya tatu Mtwara, ya nne Mikindani na Lindi.

Na hapa kuna jambo la heshima. Wamakonde wana ngoma ya lipiko, mchezaji anavaa kinyago kizima cha kichwa. Kwa mila, aliye ndani hatajwi jina. Huyo amechagua mwenyewe kufichwa, ni sehemu ya ngoma, usimchungulie. Jando na unyago vilevile, kama hujakaribishwa weka simu mfukoni.

Lakini mpagazi hakuchagua. Mama wa chungu hakuchagua. Yule aliyetoka Zanzibar kwa miguu hakuchagua. Wao walifutwa na aliyeshika kalamu, kwa sababu aliona jina lake linatosha.

Leo kalamu unayo wewe, iko kwenye simu. Ukimpiga picha mama anayebangua korosho Tandahimba, muombe ruhusa, muulize jina, na akikubali liandike. Usiandike "bibi wa Kimakonde" ukaishia hapo. Ukikutana na mzee aliyeendesha lori enzi za Ndundu, mnunulie chai, mrekodi. Wapo, lakini wanapungua kila mwaka. Baada ya miaka 100 mtu atafungua picha zako kama sisi tunavyofungua za Weule. Atajua kama ulikwenda na wewe kubeba jina lako tu.

Wana Masasi, Newala, Tandahimba, Lindi na Mtwara mliopo humu: babu yako au bibi yako alibeba nini kwenye njia hii? Maji, korosho, mizigo ya mkoloni? Dondosha jina lake hapo chini. Moja moja tutafika.